Kila Mwamba Ngoma: Mnyarwanda katika Vitabu vya Safari vya Wazungu



Waswahili husema kwamba kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Darasani huitumia methali hii tunapochambua riwaya, tukiuliza ni nani anayesimulia, anasimama wapi, na anataka msomaji aamini nini. Leo ninawaomba muichukue methali hiyo hiyo muipeleke nje ya fasihi, kwenye vitabu ambavyo kwa muda mrefu vilisomwa kana kwamba ni ushahidi usio na doa: vitabu vya safari vilivyoandikwa na Wazungu waliopita katika nchi za Maziwa Makuu kati ya mwaka 1860 na 1910 hivi.

Hatuvisomi kwa udadisi tu. Mawazo yaliyoandikwa humo yaliondoka katika kurasa, yakaingia mashuleni, katika ofisi za utawala, katika vitambulisho vya raia, na hatimaye katika hotuba iliyotolewa ndani ya mkoa wetu wa Gisenyi wa wakati ule. Kwa hiyo anayeishi Rubavu hawezi kudhani kwamba maneno ya kitabuni hubaki kitabuni.

Nadharia ya mtu asiyeikanyaga nchi

John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza nchini India, alifika Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, mnamo Novemba 1861. Mfalme Rumanika alimkaribisha kwa heshima kubwa. Akiwa huko, Speke aliiona kwa mbali milima ya Virunga, ile ile ambayo sisi huiona kila mawingu yanapofunguka. Rwanda yenyewe hakuikanyaga kamwe. Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu chanzo cha mto Nile kina sura nzima inayoeleza asili ya Wahuma, yaani wafugaji waliokuwa na mamlaka katika falme za eneo hili. Kwa kutazama kimo, pua na umbo la uso, na kwa kuchanganya masimulizi aliyoyasikia, alihitimisha kwamba watawala hao walitoka Uhabeshi, na kwamba walikuwa watu wa asili nyingine, bora kuliko wale waliowatawala.

Tuichunguze hoja hiyo hatua kwa hatua. Speke alikuja na imani kwamba Mwafrika mweusi hawezi kujenga dola. Kisha akaiona dola: mfalme, baraza, sheria, kodi, adabu za ikulu. Mtafiti mwadilifu angeiacha ile imani yake ya kwanza, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameikanusha. Speke aliishikilia imani, akawageuza wajenzi wa dola kuwa wageni. Yeye mwenyewe aliiita nadharia, lakini waliomsoma baada yake waliiona kuwa habari iliyothibitishwa. Wanataaluma wa Ulaya wakaipa jina kutoka Biblia, jina la Hamu mwana wa Nuhu, na watu hao wakaitwa Wahamu.

Katika kitabu hicho hicho Speke anasimulia jinsi alivyompima kwa kamba mwanamke mmoja wa ukoo wa kifalme wa Karagwe, aliyenenepeshwa kwa maziwa kama desturi ya ikulu ilivyotaka. Akachapisha vipimo vya mkono, kifua na paja lake. Kitendo hicho kinaonyesha tabia moja ya maandishi ya aina hii: mwenyeji anakuwa kitu cha kupimwa, naye mgeni ndiye mwenye kamba. Vipimo vyake tunavyo mpaka leo. Alichokifikiri yeye juu ya mgeni aliyemzunguka kwa kamba hakikuhesabiwa kuwa habari.

Mgeni wa Kageyo

Mzungu wa kwanza kuingia Rwanda na kuandika juu yake alikuwa Oscar Baumann wa Austria, mwaka 1892, naye alikaa siku chache tu. Aliyeivuka nchi nzima alikuwa luteni wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen. Aliondoka Pangani mwishoni mwa 1893, akavuka mto Akagera penye maporomoko ya Rusumo mwezi Mei 1894, na mwishoni mwa mwezi huo akapokewa na Mwami Kigeli IV Rwabugiri huko Kageyo, katika wilaya ya Ngororero ya leo. Mwezi Juni alipanda Nyiragongo na kufika Ziwa Kivu, kisha akaingia misitu ya Kongo mpaka akatokea Bahari ya Atlantiki. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1895.

Baadaye vitabu vya jiografia viliandika kwamba Götzen aligundua Ziwa Kivu. Tukitazame kitenzi hiki kwa jicho la mwanasarufi. Kugundua kunahitaji kitu kilichokuwa hakijulikani, na kutojulikana kunahitaji mtu asiyejua. Mtu huyo ni nani? Si wavuvi waliokuwa wakitega samaki katika maji haya tangu enzi za mababu. Si Rwabugiri, ambaye majeshi yake yalikuwa yamelivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda kukiteka kisiwa cha Ijwi. Hata Nyiragongo haukuwa mlima usio na jina wala habari: katika imani ya zamani ya kubandwa, moto wake ulihesabiwa kuwa makao ya roho za wale ambao hawakuingizwa katika ibada ya Ryangombe. Kitenzi hicho ni cha kweli kikiongezewa maneno mawili tu: kwa Wazungu. Maneno hayo mawili ndiyo ambayo vitabu viliyaacha, na kwa kuyaacha vikamfuta mwenyeji bila kumtukana.

Götzen aliliona jeshi la Rwabugiri, akauona utaratibu wa utawala wake, na bado akairudia hoja ya Speke kwamba tabaka la juu la nchi hii lilihamia kutoka kaskazini-mashariki. Tazameni nguvu ya kitabu kilichotangulia: msafiri wa pili alikuwa ameshaambiwa na wa kwanza atakachokiona.

Mwandishi huyo hakubaki kuwa mwandishi. Kuanzia 1901 hadi 1906 alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Chini yake vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 kusini mwa Tanzania ya leo, vilizimwa kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi iliyoanzwa na bunduki. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja waliokufa kuwa 75,000, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1909 alichapisha kitabu kingine, safari hii kuhusu vita hivyo. Meli iliyopewa jina lake katika Ziwa Tanganyika ndiyo inayoitwa leo MV Liemba.

Sisemi kwamba kila msafiri alifunga mzigo wake akiwa na mpango wa kutawala. Daktari Richard Kandt, aliyejenga makao kando ya Kivu upande wa kusini na kuandika kitabu kikubwa mwaka 1904, alikaa miaka mingi, akajifunza lugha, akawatazama watu kwa udadisi wenye ubinadamu kuliko wengi wa wenzake. Lakini yeye pia akawa mwakilishi wa Wajerumani katika nchi hii na mwanzilishi wa mji wa Kigali mwaka 1907. Mwaka huo huo akaja Duki Adolf Friedrich wa Mecklenburg pamoja na kundi la wataalamu, miongoni mwao Jan Czekanowski, mtaalamu wa kupima maumbile ya watu. Kazi haikuishia kwenye kupima walio hai. Mafuvu ya wafu yalichukuliwa makaburini na kupelekwa Ulaya. Katika mkusanyiko wa Berlin uliochunguzwa miaka ya karibuni kuna mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka koloni hilo la Wajerumani, na mengi kati yake yalitoka Rwanda.

Kitabu cha Mecklenburg cha mwaka 1909 kilitangaza pia picha ya mrukaji wa Kinyarwanda akipita hewani juu ya ufito, na ikadaiwa kwamba warukaji hao walifikia mita 2.50. Rekodi ya dunia ya leo ni mita 2.45. Kilichosahauliwa na wengi walioieneza picha ile ni kwamba katika mchezo wa gusimbuka mrukaji alianzia juu ya kichuguu au mahali palipoinuliwa kidogo. Sifa hii nayo ilikuwa aina ya kipimo. Ilimfanya Mtutsi aonekane kiumbe wa ajabu, na kiumbe wa ajabu hahesabiwi kuwa mtu wa kawaida, sawa na yule anayedharauliwa.

Alama ya Kiswahili katika vitabu vyao

Sasa tugeukie lugha, maana hapa mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuona kile ambacho wasomaji wa Ulaya hawakukiona. Wasafiri hawa kwa sehemu kubwa hawakujua lugha za nchi walizopita. Lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Speke alizungumza na kiongozi wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani, naye Bombay akazungumza na watu kwa Kiswahili. Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika. Alisafiri na Burton, Speke, Stanley na Cameron. Habari nyingi tunazoziita za Speke zilipita kwanza kinywani mwa Bombay.

Ushahidi uko katika viambishi. Vitabu vile vimejaa majina kama Waganda, Wahuma, Wahutu na Watusi. Uganda, Unyoro, Urundi. Wenyeji wenyewe husema Buganda, Bunyoro, Burundi. Na sisi katika Kinyarwanda husema Abahutu, Abatutsi, Abatwa. Kiambishi wa- na kiambishi u- ni vya Kiswahili. Nchi ya Uganda mpaka leo inaitwa kwa jina lililotamkwa na mkalimani, na eneo la utawala wa Wabelgiji liliitwa rasmi Ruanda-Urundi, nusu yake ikiwa na kiambishi cha Kiswahili. Wakalimani na wapagazi wengi hawakutajwa majina, lakini ulimi wao umebaki katika ramani.

Kiambishi hicho hicho kilibeba hatari yake. Katika Kiswahili twasema wakulima, wafugaji, wavuvi, waungwana, Waganda. Sarufi haitwambii kama wa- inataja kazi, cheo, ukoo au taifa. Msikilizaji hupata maana kutokana na muktadha. Mgeni aliyetoka Ulaya, ambako wakati ule wataalamu walikuwa wakiwagawa binadamu kwa mbari, aliposikia Wahutu, Watutsi na Watwa aliandika mbari tatu. Wenyewe walikuwa na lugha moja, mfalme mmoja, vilima vile vile. Koo zao, kama vile Abasinga, Abazigaba na Abagesera, zilikuwa na watu wa makundi yote matatu. Neno ubwoko, ambalo lilitumika kumuuliza mtu ukoo wake, ndilo lililokuja kuandikwa katika kitambulisho kutaja kundi lake. Sidai kwamba hapakuwa na tofauti wala dhuluma kabla ya Wazungu. Kazi za lazima za uretwa katika enzi ya Rwabugiri ziliwalemea wakulima na kuongeza umbali kati ya makundi. Lakini tofauti ya kijamii inaweza kurekebishwa na jamii yenyewe. Tofauti iliyoandikwa kuwa ya damu hufungiwa mlango.

Lugha yetu nayo haikuwa na mikono safi. Watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na wasafiri wakalipokea neno hilo pamoja na mizigo. Wajerumani waliliingiza katika Kijerumani cha makoloni, na walowezi wa Kenya wakalitumia katika Kiingereza chao. Dharau moja ilikutana na nyingine zikaelewana upesi. Anayejifunza Kiswahili na alijue hilo pia.

Kutoka kitabuni hadi Kabaya

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walipokea Rwanda pamoja na fikra zilizokuwa zimeandikwa juu yake. Mwaka 1933 mmishonari Albert Pagès alichapisha kitabu ambacho jina lake tu linatosha: kiliita Rwanda ufalme wa Kihamu katikati ya Afrika. Nafasi za uchifu na za elimu ya juu zikatengwa zaidi kwa Watutsi, na katika miaka hiyo ya 1930 kila mtu akapewa kitambulisho kilichotaja kundi lake. Nadharia ya Speke ikawa kadi mfukoni.

Halafu hadithi ikageuzwa upande wa pili. Kama kweli hawa ni wageni kutoka Uhabeshi, wakasema wanasiasa wa chuki, basi nchi si yao. Aliyesifiwa kuwa mtawala wa kuzaliwa akaitwa mvamizi wa kuzaliwa. Sifa na laana vilichotwa katika kisima kimoja.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mahali palipokuwa katika mkoa wa Gisenyi wakati ule, Léon Mugesera aliuambia umati kwamba nyumbani kwa Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko upesi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, miili ya watu ilitupwa katika mto huo. Nyabarongo huingia Akagera, na Akagera huingia Ziwa Viktoria. Wengi walizikwa kwenye ufuo wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo, na makaburi yao ya kumbukumbu yapo mpaka leo. Mugesera alirudishwa kutoka Kanada mwaka 2012, na mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha.

Speke alikuja kutafuta mahali maji ya Nile yanapoanzia. Nyabarongo ni mojawapo ya maji hayo. Hakujua, na hakukusudia, kwamba sura moja ya kitabu chake ingesaidia kuwapa wauaji hoja ya kuwarudisha watu kwa njia ya mto alioutafuta. Wala si haki kusema kwamba kitabu kiliua. Waliopanga walikuwa watu, walioua walikuwa watu, nao walikuwa na hiari ya kukataa. Lakini muuaji alihitaji kuamini kwamba jirani yake ni mgeni, na hadithi ya ugeni huo ilikuwa imeshaandikwa.

Waafrika nao walisafiri, wakaandika

Msidhani kwamba Mwafrika alitazamwa tu bila yeye kutazama. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, chenye habari zilizosimuliwa na kuandikwa na watu wa pwani kwa Kiswahili. Humo Selim bin Abakari anaeleza safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 akiwa na bwana wake Mjerumani, akiwatazama watu wa huko na desturi zao kama vile wengine walivyotutazama sisi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin, ana maandishi yake humo juu ya safari za bara. Na Ham Mukasa aliandika safari aliyoifanya mwaka 1902 pamoja na Katikiro Apolo Kagwa kwenda London kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward VII.

Maandishi haya hayakuwa huru kabisa, kwani waliyoyakusanya na kuyachapisha walikuwa mara nyingi Wazungu, na waandishi wenyewe walikuwa na majivuno yao. Thamani yake ni kwamba yanatuonyesha kamba ya kupimia ikiwa katika mkono mwingine, na papo hapo tunaona kwamba hakuna mkono usiovuta.

Kazi ya nyumbani

Mnaposoma maelezo yoyote ya mgeni juu ya watu, ya zamani au ya jana, ulizeni: Alikaa muda gani? Alizungumza kwa lugha gani, na kupitia kwa nani? Kipi alikiona kwa macho, kipi alikisikia, na kipi alikuja nacho? Wenyeji wanasema neno lolote katika maelezo yake, au wanapimwa tu? Na nani alinufaika maelezo hayo yalipoaminiwa?

Kisha, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu tangu mwaka 2017, na kwa kuwa sisi tuko hatua chache kutoka Goma, andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili sanifu kuhusu watu wanaovuka mpaka kila siku pale Petite Barrière: wachuuzi wa nyanya na maziwa, wanafunzi, wabeba mizigo. Msiandike wakoje wote kwa jumla. Zungumzeni na mmoja wao kwanza, mkamuulize kazi yake na njia yake, na akikubali, mwandike alichosema yeye. Ukurasa wenye neno lake ndani ndio nitakaousahihisha.